Saa ya Jiji na Saa ya Jua: Uchambuzi wa Kisa cha Adhana ya Minneapolis

Alhamisi ya tarehe 13 Aprili 2023, ikiwa ni kumi la mwisho la mwezi wa Ramadhani, Baraza la Jiji la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, lilipiga kura na kwa kauli moja likarekebisha sheria ndogo ya jiji inayohusu kelele, ili misikiti iweze kutoa adhana kwa vipaza sauti vya nje kwa swala zote tano, zikiwemo Alfajiri na Isha. Meya Jacob Frey alitia saini siku chache baadaye, na Minneapolis ikawa jiji kubwa la kwanza nchini Marekani kuruhusu jambo hilo. Habari hiyo ilienea haraka kama habari ya furaha, kisha ikapita kama zinavyopita habari nyingine. Mimi naona kwamba kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo Mwislamu yeyote anayeishi mbali na ikweta, katika nchi isiyopangwa kwa kufuata ibada yake, hukutana nalo kila siku: nani anayeamua usiku unaanza lini na unakwisha lini?

Mahali penyewe ni mtaa wa Cedar-Riverside, upande wa mashariki wa katikati ya jiji, karibu na Mto Mississippi. Ni mtaa uliozungukwa na barabara kuu mbili za magari ya kasi, umepitiwa na reli ya abiria, na umepakana na Chuo Kikuu cha Minnesota. Juu yake imesimama minara ya makazi ya Riverside Plaza, iliyokamilika mwaka 1973 kwa michoro ya msanifu Ralph Rapson, yenye vibao vya rangi ukutani vinavyoonekana kutoka mbali. Zamani mtaa huu ulikuwa makazi ya wahamiaji kutoka Skandinavia. Tangu miaka ya 1990 umekuwa makazi ya wakimbizi wa Kisomali na Waoromo, hata watu wakaupachika jina la Mogadishu Ndogo. Wengi wa wakazi hao walipitia Kenya kabla ya kuvuka bahari, wakaishi katika kambi za Dadaab na Kakuma au katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na ndiyo maana Kiswahili si lugha ngeni madukani mwao. Mbunge wao katika bunge la taifa, Ilhan Omar, aliishi utotoni katika kambi ya Utange, karibu na Mombasa. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya adhana ya Cedar-Riverside, tunazungumza juu ya watu ambao baadhi yao waliwahi kuamshwa na adhana zile zile zilizotuamsha sisi wa pwani.

Katika mtaa huo upo msikiti wa Dar Al-Hijrah, nao ndio ulioanza. Mwezi wa Aprili 2020 ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga misikiti, na gavana wa jimbo alikuwa ameamuru watu wabaki majumbani. Ramadhani ikakaribia bila matumaini ya Tarawehe wala futari ya pamoja, na wazee waliozoea kushuka kwa lifti na kuvuka barabara kwenda kuswali wakawa wamefungiwa vyumbani mwao. Viongozi wa msikiti, pamoja na tawi la Minnesota la Baraza la Mahusiano ya Marekani na Uislamu, waliomba jiji liwaruhusu kutoa adhana kwa vipaza sauti ili watu waisikie wakiwa nyumbani. Jiji likatoa kibali cha kelele kwa mwezi huo mmoja, na adhana ikasikika mara tano kwa siku juu ya paa la msikiti.

Hapa ndipo penye jambo la kwanza la kuangaliwa. Kibali kile cha mwaka 2020 kiliruhusu adhana ya swala zote tano. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Machi 2022, Baraza la Jiji lilipopitisha azimio kwamba misikiti inaweza kuadhini kwa vipaza sauti mwaka mzima, azimio hilo lilifungwa ndani ya saa ambazo sheria ya kelele ilizihesabu kuwa ni mchana, yaani kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 4:00 usiku. Kilichotolewa kwa hisani na kwa muda kilikuwa kizima. Kilichotolewa kwa kudumu kilikuwa na pengo. Hali hiyo si ya ajabu kwa mtu anayejua jinsi serikali za miji zinavyofanya kazi. Kibali cha dharura hutolewa kwa kuangalia shida iliyopo mbele ya macho, na kila mtu anajua kitakwisha. Azimio la kudumu, kwa upande wake, hukaa juu ya sheria iliyokwisha kuandikwa, na lazima liingie ndani ya kuta za sheria hiyo.

Sheria yenyewe haikutaja Uislamu popote. Ilikuwa sheria ya kawaida ya kulinda usingizi wa watu, nayo ilimhusu mwenye disko sawasawa na ilivyomhusu fundi wa ujenzi. Mtu angeweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba haimbagui yeyote. Ubaya ni kwamba ilipima usiku kwa saa ya ukutani, na swala hupimwa kwa jua, na katika Minneapolis vitu hivyo viwili huachana kwa namna ambayo sisi tuliolelewa karibu na ikweta ni vigumu kuifikiria.

Kiswahili chenyewe kinatuzuia kuifikiria. Saa zetu tumezianza kuzihesabu kwenye macheo, kwa kuwa katika nchi yetu macheo hayahami. Zanzibar jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na tofauti kati ya siku ya mapema kabisa na siku ya kuchelewa kabisa haifiki saa nzima kwa mwaka mzima. Hata neno kibla, katika vinywa vya wengi wa pwani, limekuwa na maana ya kaskazini, kwa sababu kutoka Dar es Salaam au Mombasa Makka iko karibu kaskazini kabisa. Huko Minneapolis kibla ni kaskazini-mashariki, na Magharibi ya tarehe 21 Juni huingia saa 3:03 usiku. Mswahili akiambiwa aswali Magharibi saa tatu usiku atadhani ameikosa, kumbe ndiyo kwanza imeingia.

Jiji hilo liko kwenye latitudo ya 45 kaskazini, nusu ya njia kati ya ikweta na ncha ya dunia. Tuchukue siku ya 21 Juni. Kwa hesabu ya nyuzi 15, yaani jua likiwa nyuzi 15 chini ya upeo wa macho, ambayo imetumika kwa miaka mingi Amerika ya Kaskazini, Alfajiri huingia karibu na saa 9:30 usiku na Isha karibu na saa 5:00 usiku. Kwa hesabu ya nyuzi 18, ambayo nayo ina wafuasi wake, Isha husogea hadi baada ya saa 5:30 usiku na Alfajiri hurudi nyuma hadi kabla ya saa 9:00. Siku hiyo, ndani ya dirisha la saa 1:00 asubuhi hadi saa 4:00 usiku, zinaingia Adhuhuri, Alasiri na Magharibi tu. Swala mbili kati ya tano ziko nje.

Sasa tuchukue 21 Desemba. Alfajiri huingia karibu na saa 12:20 asubuhi, Adhuhuri saa 6:10 mchana, Alasiri kwa hesabu ya Kishafi saa 8:15, Magharibi saa 10:34 jioni, na Isha saa 12:00 jioni au dakika chache baadaye. Swala nne zinabanana ndani ya muda wa saa sita. Isha imo ndani ya dirisha bila shida yoyote. Alfajiri, hata katika siku hiyo iliyo fupi kuliko zote, bado iko nje. Ukiifuata Alfajiri mwezi kwa mwezi utaona kwamba mwanzo wa wakati wake hutangulia saa 1:00 asubuhi katika kila majira, hata pale Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele kwa ajili ya majira ya joto. Isha nayo hutoka nje ya dirisha kuanzia mwezi wa Mei hadi karibu na katikati ya Agosti. Kwa hiyo azimio la 2022, ambalo lilitangazwa kuwa limeruhusu adhana, kwa kweli liliruhusu swala nne katika majira ya baridi na tatu katika majira ya joto, na halikugusa Alfajiri kabisa.

Nimeeleza hesabu hizi kwa urefu kwa sababu bila hizo kisa chote hugeuka kuwa simulizi ya wema na chuki, na hakikuwa hivyo. Hakuna diwani aliyekaa akapanga kuinyima misikiti Alfajiri. Sheria iliandikwa na watu ambao ibada yao, kama walikuwa nayo, haikuwahi kuwadai watoe sauti kabla ya macheo. Wao walipotazama saa 1:00 asubuhi waliona mwanzo wa siku, na ni haki yao kuona hivyo. Lakini kwa Mwislamu saa hiyo, katika mwezi wa Juni, imepita saa tatu na nusu tangu swala ya kwanza iingie.

Je, msikiti ungeweza kwenda mahakamani na kushinda? Naona ingekuwa vigumu, na hili ndilo jambo la pili ambalo wasomaji wetu wengi hawalijui. Katiba ya Marekani, katika rekebisho lake la kwanza, inalinda uhuru wa kuabudu, na watu hudhani kwamba ulinzi huo unatosha kuvunja kizuizi chochote. Lakini katika kesi ya Employment Division v. Smith ya mwaka 1990, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria isiyoilenga dini yoyote, inayotumika kwa wote, haiwi batili kwa sababu tu inamzuia mtu asitimize jambo la dini yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika kesi ya Ward v. Rock Against Racism, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba jiji lina haki ya kudhibiti ukubwa wa sauti katika maeneo ya wazi. Maamuzi ya miaka ya karibuni yamepunguza ukali wa kanuni ya Smith pale ambapo sheria inatoa misamaha kwa shughuli za kidunia na kuzinyima za kidini, lakini haijafutwa. Sheria ya kelele yenye saa zilizo sawa kwa wote ni mfano wa wazi wa sheria ambayo hakimu angeitazama na kusema haina kosa. Njia iliyobaki ilikuwa ni kuwashawishi watunga sheria wenyewe wabadilishe maandishi, na ndiyo njia iliyofuatwa.

Mazingira ya kisiasa yalisaidia. Kati ya madiwani 13 wa baraza lile, watatu walikuwa Waislamu: Aisha Chughtai, Jamal Osman na Jeremiah Ellison. Jimbo la uchaguzi linalobeba jiji hilo ndilo lililompeleka Keith Ellison bungeni mwaka 2006, akiwa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la Marekani. Hata hivyo watatu si wengi katika 13, na meya aliyetia saini ni Myahudi. Kura ya kauli moja ilihitaji watu wasioswali swala zile wakubali kwamba kengele ya kanisa na adhana ya msikiti ni vitu vya aina moja mbele ya sheria. Hilo lilifanyika kwa mazungumzo ya miaka mitatu, na naamini mwezi ule mmoja wa kibali cha 2020 ulifanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote, kwa sababu majirani walikuwa wamekwisha kuisikia adhana na mtaa haukubomoka.

Haifai lakini kuwadharau waliokuwa na wasiwasi. Hoja yao yenye nguvu zaidi haikuwa ya chuki. Walisema kwamba hakuna anayemzuia Mwislamu kuswali. Kwamba simu ya mkononi humwadhinia kila mtu kwenye mto wake, kwa saa sahihi, bila kumwamsha muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Na kwamba usingizi nao ni haki. Kuna ukweli ndani ya maneno hayo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Wasomali wanayafuata kama tunavyoyafuata sisi wa pwani, adhana ni sunna iliyotiliwa mkazo, na swala husihi bila adhana. Kama lengo lingekuwa kujua wakati tu, simu ingetosha, na hata ratiba iliyobandikwa ukutani ingetosha.

Lakini adhana haikuwekwa kwa ajili ya kujua wakati tu. Ni mwito unaotoka kwa jumuiya kwenda kwa mtu, na simu ya mtu binafsi ni mtu anajiita mwenyewe. Bibi kizee aliye ghorofa ya ishirini, ambaye hajui kusoma herufi za simu na ambaye mwanawe yuko kazini, anaposikia sauti ya muadhini anajua kwamba yupo mtu mwingine aliyeamka. Tena, adhana ya Alfajiri peke yake ndiyo yenye maneno ya ziada, asswalatu khairun minan-naum, swala ni bora kuliko usingizi. Maneno hayo yamewekwa kwa saa ile ile ambayo sheria ya kelele iliilinda kwa ajili ya usingizi. Kuruhusu adhana nne na kuiacha ile yenye maneno hayo ni kuacha kiini na kuchukua maganda. Hii ni hukumu yangu, na sioni haya kuisema.

Kuhusu muuguzi aliyetoka zamu, jibu langu ni kwamba ruhusa ya kisheria haiondoi adabu ya ujirani. Ukubwa wa sauti, upande ambao kipaza sauti kimeelekezwa, na urefu wa kile kinachotangazwa ni mambo ambayo msikiti unaweza kuyapima wenyewe. Adhana moja ni dakika tatu au nne. Si lazima itanguliwe na kisomo cha nusu saa, kama inavyofanyika katika baadhi ya miji yetu, ambako hata Waislamu wenyewe hulalamika chini kwa chini.

Kulinganisha kunasaidia. Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa karibu pande zote na Detroit katika jimbo la Michigan, uliruhusu adhana mwaka 2004 baada ya msikiti wa Wabangladeshi kuomba, na ukaweka dirisha la saa 12:00 asubuhi hadi saa 4:00 usiku. Wapinzani walilazimisha kura ya wananchi mwezi Julai mwaka huo, na wananchi wakakataa kuifuta ruhusa. Ule ulikuwa ushindi mkubwa kwa wakati wake, lakini dirisha lake lina kasoro ile ile ya saa ya ukutani. New York, mwishoni mwa Agosti 2023, ilitangaza kwamba misikiti haitahitaji kibali kwa adhana ya Ijumaa kati ya saa 6:30 na saa 7:30 mchana na kwa Magharibi wakati wa Ramadhani. Huko nako wamechagua nyakati ambazo haziwasumbui watu, na swala nyingine zimebaki kwenye utaratibu wa vibali. Na tusidhani kwamba ni jambo la nchi za Magharibi pekee: mwezi Machi 2018 wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, yenye mtaa wa Nyamirambo ambako Kiswahili na Uislamu vimekaa pamoja kwa vizazi, iliizuia misikiti kuadhini kwa vipaza sauti, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo ya kelele.

Tofauti ya Minneapolis, basi, ni mbili. Kwanza, haikupanua dirisha kwa saa moja au mbili, ila iliondoa dirisha kwa ajili ya mwito wa ibada, na kwa kufanya hivyo ikakubali kwamba muda wa swala haupangwi ofisini. Pili, ilifanya hivyo kwa kurekebisha sheria. Kibali huombwa, na mwombaji hutegemea uso wa afisa aliyekaa mezani siku hiyo. Azimio hueleza nia ya baraza lililopo. Sheria hubaki hata madiwani wanapobadilika, na anayetaka kuifuta lazima asimame hadharani na kupiga kura.

Furaha haikudumu bila doa. Tarehe 23 na 24 Aprili 2023, siku chache tu baada ya Idi, moto uliwashwa kwa makusudi katika majengo ya misikiti miwili ya jiji hilo, na mtu mmoja akakamatwa na kushitakiwa. Sisemi kwamba adhana ndiyo iliyomtuma. Nasema tu kwamba wale waliopata haki mpya ya kupaza sauti walilazimika, ndani ya wiki mbili, kufikiri upya kuhusu milango na kamera.

Liko pia jambo ambalo sheria ya kelele haikuweza kuligusa. Katika Desemba, Adhuhuri, Alasiri na mara nyingi Magharibi huingia mtu akiwa kazini, na adhana ya Cedar-Riverside haifiki kwenye maghala na viwanda vya pembeni mwa jiji ambako vijana wengi wa mtaa ule huajiriwa. Huko kinachotumika ni sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi nafasi ya kutimiza dini yake isipokuwa kama kufanya hivyo kutamletea mzigo usiobebeka. Mwezi Juni 2023, katika kesi ya Groff v. DeJoy, Mahakama ya Juu ilisema mzigo huo lazima uwe mkubwa kweli, wala si usumbufu mdogo tu. Aliyeleta kesi hiyo alikuwa Mkristo asiyetaka kufanya kazi Jumapili, na manufaa yake yanamfikia Mwislamu anayehitaji dakika tano za Magharibi kabla ya shafaki, ule wekundu wa anga baada ya jua kuzama, kutoweka.

Ndani ya mtaa wenyewe, kilichobaki ni kazi ya miguu. Muadhini wa Minneapolis anayeiadhini Isha ya tarehe 21 Juni saa 5:00 usiku, akangoja jamaa waswali, akafunga mlango na kurudi kwake, anatakiwa awe amerudi mbele ya kipaza sauti kabla ya saa 9:30. Katikati ana saa nne na nusu, na humo ndimo anamolala.